Maisha ya Dakta Schweitzer, Mwalimu wa Chuo Kikuu Aliyerudi Darasani

Watu wengi hudhani kwamba mtu akishapata shahada yake na kuanza kazi, basi safari ya darasani imekwisha kabisa. Hata hapa kwetu Kasingirima, akitokea mtu mzima mwenye shahada ya historia au ya biashara akasema kwamba anataka kuanza upya kujifunza uuguzi, majirani humshangaa. Husema amerudi nyuma, na kwamba fedha za wazazi wake zimepotea bure. Katika bweni letu nako mjadala huu huzuka mara kwa mara, hasa kwetu sisi wa kidato cha nne, maana tunaulizwa kila siku tutakuwa watu gani. Wengine huona kwamba mtu akichagua vibaya leo, amekwisha kupotea maisha yake yote.

Kwa sababu hiyo nimeonelea niwaandikie habari za maisha ya Dakta Albert Schweitzer na mkewe Bibi Helene. Bwana huyu alikuwa na shahada mbili kubwa, na kazi ya heshima, na jina katika muziki, lakini alipofika miaka 30 akarudi kuketi darasani pamoja na vijana ili ajifunze udaktari. Mkewe naye, aliyekuwa mwalimu, akajifunza uuguzi akiwa amekwisha pita miaka 30. Tukiyafuata maisha yao tutaona kama ni kweli kwamba elimu ya kwanza hupotea mtu anapoanza ya pili.

Albert Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 katika mji mdogo wa Kaysersberg, katika jimbo la Alsace. Jimbo hili liko mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, na wakati ule lilikuwa chini ya Wajerumani. Leo liko Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji, na mwaka uleule familia ilihamia kijiji cha Günsbach. Huko ndiko mtoto alikokulia. Baba yake alimfundisha muziki tangu utotoni, na alipokuwa na miaka 9 aliweza kumshikia zamu mpiga kinanda wa kanisani.

Shuleni, hata hivyo, hakuwa hodari tangu mwanzo. Alipopelekwa kusoma katika mji wa Mulhouse, akikaa nyumbani kwa wazee wa ukoo wake, alama zake zilikuwa mbaya. Mawazo yake yalikuwa yakirukaruka. Kilichomgeuza ni mwalimu mmoja aliyekuwa akitayarisha kila somo kwa uangalifu mkubwa, na kurudisha madaftari kwa siku na saa aliyoahidi. Kijana alipomtazama mwalimu yule akaona kwamba kutimiza wajibu ni jambo linalowezekana, naye akaanza kujitahidi. Waalimu wetu wanaosoma habari hizi nadhani watafurahi kusikia kwamba wakati mwingine mwanafunzi hujifunza zaidi kwa kumwangalia mwalimu kuliko kwa maneno yake.

Mwaka wa 1893 aliingia Chuo Kikuu cha Strasbourg kusoma theolojia na falsafa. Muziki hakuuacha, bali alikwenda Paris kufundishwa kinanda na Widor, mmoja wa wapiga kinanda mashuhuri wa siku zile. Mwaka wa 1899 akapata shahada ya udaktari wa falsafa, na mwaka uliofuata akapata ile ya theolojia. Akawa mhubiri katika kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Strasbourg, akawa mwalimu wa Chuo Kikuu, na mwaka wa 1903 akafanywa mkuu wa chuo cha wanafunzi wa theolojia. Mwaka wa 1905 alitoa kitabu kikubwa juu ya maisha na muziki wa Bach. Basi mtu huyu alikuwa na kila kitu ambacho wazazi humwombea mtoto wao.

Lakini moyoni alikuwa na ahadi aliyojiwekea zamani. Asubuhi moja ya sikukuu ya Pentekoste mwaka wa 1896, akiwa nyumbani Günsbach na umri wa miaka 21, alifikiri jinsi maisha yake yalivyokuwa ya raha wakati watu wengi wanateseka. Akaona si haki kupokea raha hiyo bila ya kurudisha kitu. Akaamua kwamba mpaka atimize miaka 30 atajishughulisha na elimu na muziki, na baada ya hapo atawatumikia watu kwa mikono yake. Hakujua bado ni kazi gani. Alijaribu kuwasaidia watoto yatima na watu wasio na makao, lakini mambo hayakuendelea kama alivyotaka.

Siku moja mwaka wa 1904 alikuta juu ya meza yake gazeti la Misheni ya Paris. Ndani yake mlikuwa na habari kwamba misheni hiyo ina upungufu mkubwa wa watu katika nchi ya Gabon, iliyoko Afrika ya Kati kwenye mstari wa Ikweta. Alipokwisha kuisoma akaendelea na kazi yake kimya, lakini kutafuta kwake kulikuwa kumekwisha. Aliona kwamba kwa miaka mingi amekuwa mtu wa maneno. Sasa alitaka kazi ya vitendo. Akaazimu kusomea udaktari.

Tarehe 13 Oktoba 1905 alitia barua posta mjini Paris, kuwaarifu wazazi na rafiki zake. Kukazuka zogo kubwa. Jamaa walimwona amechanganyikiwa. Widor, mwalimu wake wa muziki, alimpenda kama mwanawe, lakini alihuzunika sana na kumfananisha na jemadari anayeacha kuongoza jeshi ili akashike bunduki pamoja na askari wa mstari wa mbele. Wengine walimshauri abaki Ulaya, ahutubie watu na kupiga kinanda, ili akusanye fedha za kuwatuma madaktari wengine. Hata mkuu wa kitivo cha udaktari, alipoambiwa kwamba mwalimu mwenzake anataka kuandikishwa kama mwanafunzi, alifikiri kwamba ingefaa zaidi apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Katika jambo hili mtu mmoja tu alimwelewa tangu mwanzo, naye ni Helene Bresslau.

Bibi Helene alizaliwa Berlin mwaka wa 1879, naye alikuwa binti wa profesa mashuhuri wa historia. Alipokuwa mtoto familia yake ilihamia Strasbourg. Alifaulu mtihani wa ualimu, akasoma historia na habari za sanaa katika Chuo Kikuu wakati ambapo wanawake walikuwa wachache sana mle ndani, na akafanya kazi Uingereza kwa muda. Kisha mji wa Strasbourg ukamwajiri kuwaangalia watoto yatima. Alikwenda nyumba kwa nyumba kutazama kama watoto wanalishwa na kutunzwa, na kwa juhudi yake kikafunguliwa kituo cha akina mama wasio na waume. Kwa kazi hiyo aliheshimiwa sana. Hata hivyo, alipoona kwamba rafiki yake Albert anajitayarisha kwenda Afrika kuwa daktari, naye alifikiri: daktari peke yake, bila ya mwuguzi, atafanya nini? Akaiacha kazi yake mwaka wa 1909, akaenda Frankfurt kujifunza uuguzi, akafanya mtihani wa serikali na kushinda. Wakati huo alikuwa na miaka 31.

Sasa tutazame jinsi mambo yalivyokuwa kwa Schweitzer darasani. Kwanza palikuwa na shida ya sheria. Mwalimu wa Chuo Kikuu hakuweza kuandikishwa kuwa mwanafunzi wa chuo kilekile. Ilibidi apate ruhusa maalum ya kusikiliza masomo kama mgeni na kisha kufanya mitihani. Waalimu wa udaktari nao walimhurumia, wakamruhusu asome bila ya kulipa ada. Mwisho wa Oktoba 1905, siku yenye ukungu mzito, akaenda kwenye somo lake la kwanza la viungo vya mwili wa binadamu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya taabu. Aliendelea kufundisha theolojia, kuhubiri karibu kila Jumapili, kuandika vitabu, na kusafiri Paris kupiga kinanda. Usiku alisoma fiziki, kemia, elimu ya mimea na ya wanyama. Usingizi ulikuwa adimu, na uchovu ukawa mwenzake wa kila siku. Mwaka wa 1906 aliacha kuwa mkuu wa chuo, na hivyo akapoteza nyumba na sehemu ya mshahara. Tena akatambua kwamba akili ya kukariri si nyepesi kama ilivyokuwa katika ujana. Mwanzoni alitaka kusoma yale tu yaliyompendeza, lakini wanafunzi wenzake walimwonya kwamba kwa njia hiyo mtihani utamshinda. Basi yule mwalimu mwenye shahada mbili akajiunga na kikundi cha vijana waliokuwa wakijipima kwa maswali ya mtihani, akakubali kuongozwa na watu ambao angeweza kuwa mwalimu wao. Mimi nadhani hapo ndipo penye ugumu wa kweli wa kubadili kazi ukiwa mtu mzima. Vitabu ni vigumu, lakini ni vigumu zaidi kukubali kuwa mdogo tena.

Pamoja na hayo aliyapenda masomo yale. Katika falsafa, mtu huweza kubishana mwaka mzima bila ya kumaliza jambo, lakini katika sayansi alijifunza kwamba kila neno lazima lithibitishwe kwa vitu vinavyoonekana.

Mtihani wa mwisho ulikuwa na ada kubwa. Aliipata kwa nini? Kwa kinanda. Mwezi wa Oktoba 1911 alipiga kinanda katika tamasha la muziki wa Kifaransa mjini Munich, na malipo aliyopewa yakatosha ada ya mtihani. Ndugu wasomaji, nawaomba mwitie alama habari hii ndogo. Muziki uliodhaniwa kuwa umetupwa ndio uliomlipia udaktari wake. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo akamaliza mtihani, akiwa na miaka 36, na alipotoka nje jioni ile ya baridi hakuweza kuamini kwamba mzigo umemtoka kichwani. Akafanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, akajifunza magonjwa ya nchi za joto mjini Paris, na mwaka wa 1913 akapewa shahada yake ya tatu ya udaktari, yaani ya tiba yenyewe.

Tarehe 18 Juni 1912 Albert na Helene walioana. Misheni ya Paris ilisita kumpokea, kwa kuwa mawazo yake ya dini hayakufanana na ya wakuu wa misheni. Akaahidi kwamba hatakuja kuhubiri bali kutibu tu, na kwamba gharama zote atazibeba mwenyewe. Bwana na bibi wakafunga masanduku 70 ya dawa na vyombo, na siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 21 Machi 1913, wakaondoka Günsbach. Walifika Lambaréné, kando ya mto Ogooué, tarehe 16 Aprili.

Sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Tanganyika tunaweza kuiona picha ile vizuri: maji mapana, misitu, na mitumbwi inayoleta wagonjwa. Wengine walitoka mwendo wa kilometa 200 na zaidi. Habari kwamba daktari amefika zilienea haraka mno, na watu wakaanza kuja kabla masanduku hayajafika yote na kabla nyumba ya kutibia haijajengwa. Kwanza alitibu nje, juani, lakini mvua ilipokuja kila kitu kililazimika kukimbizwa ndani. Basi akachukua banda la zamani la kuku, akalipaka chokaa, akatia rafu za dawa na kitanda kimoja, likawa chumba chake cha kwanza cha daktari. Katika miezi 9 ya mwanzo walitibu watu karibu 2,000. Kulikuwa na malaria, ukoma, malale, kuhara damu, upele, vidonda vikubwa vya miguu, magonjwa ya moyo na ngiri. Ugonjwa wa malale wazee wa huku wanaujua, maana katika miaka ileile ulikuwa ukiua watu pwani za ziwa letu pia.

Kazi ya Bibi Helene ilikuwa nini? Aliamka mapema kuangalia mambo ya nyumbani, kisha akaenda kuwaona wagonjwa wazito. Alitunza visu na vyombo vyote vya upasuaji, akavichemsha na kuvitayarisha. Alisimamia bandeji na vitambaa. Siku ya upasuaji yeye ndiye aliyempa mgonjwa dawa ya usingizi, kazi ambayo mtu akikosea kidogo mgonjwa haamki tena. Ngiri ikimbana mtu, huwa na maumivu makali, na asipopasuliwa mapema hufa. Mgonjwa wa namna hiyo alipozinduka na kuona maumivu yamekwisha, aliutafuta mkono wa daktari gizani na kuushika asitake kuuachia. Ulimwengu ulijua mkono wa daktari. Ni haki yetu kukumbuka kwamba palikuwa na mkono mwingine pia, wa mwuguzi.

Na palikuwa na mtu wa tatu. Huyu ni Joseph Azoawani, Mwafrika wa kabila la Wagaloa, ambaye zamani alikuwa mpishi. Alikuja kutibiwa, na kwa kuwa alijua lugha nyingi, akafanywa mkalimani, na baadaye msaidizi wa daktari, akisimama naye katika upasuaji. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alieleza maumivu ya wagonjwa kwa majina ya nyama za jikoni: huyu ameumia kwenye paja la kuchoma, na yule kwenye mbavu. Tunaweza kucheka, lakini tufikiri kidogo. Mpishi naye alitumia ujuzi wake wa kwanza kufikia ujuzi wa pili. Basi hospitali ile ilianzishwa na mwanafalsafa, mwalimu na mpishi, na hakuna hata mmoja wao aliyeianza kazi ya tiba katika ujana wake.

Mwaka wa 1914 vita kuu vilipoanza, Gabon ilikuwa chini ya Wafaransa, na Schweitzer alihesabiwa kuwa Mjerumani. Wakawekwa chini ya ulinzi nyumbani, na kwa muda wakakatazwa kutibu. Baadaye waliruhusiwa kuendelea. Mwezi wa Septemba 1915, akiwa safarini mtoni kwenda kumtazama mgonjwa, na chombo kikipita katikati ya viboko wakati wa jua kuchwa, lilimjia wazo alilolitafuta siku nyingi: kwamba msingi wa wema ni kuheshimu kila kilicho hai. Wazo hilo alilishika mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka wa 1917 walipelekwa Ufaransa kama wafungwa, wakawekwa makambini hadi 1918. Walitoka wakiwa wagonjwa na wenye madeni. Januari 1919 wakapata mtoto wao wa pekee, Rhena, aliyezaliwa siku ileile ya kuzaliwa kwa baba yake.

Hapo tena elimu ya kwanza iliiokoa ya pili. Mwaka wa 1920 alialikwa Sweden kufundisha, akatembea nchi ile akitoa hotuba na kupiga kinanda makanisani, na kwa majuma machache akalipa sehemu kubwa ya madeni ya hospitali. Vitabu vyake navyo vikaleta fedha. Mwaka wa 1924 akarudi Lambaréné, akakuta mapaa yameanguka na majani yameota ndani. Asubuhi alikuwa daktari, alasiri fundi wa kujenga. Mwaka wa 1927 hospitali ikahamishiwa mahali papya, pakubwa zaidi, juu kidogo ya mto.

Bibi Helene hakuweza kwenda naye safari hiyo. Alikuwa ameugua kifua kikuu, na mtoto alikuwa na miaka 5. Hii ni sehemu ya habari ambayo mara nyingi huachwa. Mwanamke aliyejitayarisha miaka mingi kwa kazi ile alilazimika kukaa mbali nayo kwa muda mrefu, na kumlea mtoto karibu peke yake. Lakini hakukaa bure. Alikwenda Marekani kuwahutubia watu na kuiombea hospitali misaada. Utawala wa Hitler ulipowatesa watu wa asili ya Kiyahudi, naye alikuwa hatarini kwa sababu ya asili yake. Katika vita vya pili alifanya safari ndefu ya hatari, na mwaka wa 1941, akiwa na miaka 62, akafika Lambaréné na kushika tena kazi ya uuguzi hadi 1946, akiwapokea zamu wauguzi waliochoka. Alifariki mwaka wa 1957, na majivu yake yakazikwa Lambaréné.

Dakta Schweitzer alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 1952. Fedha zake alizitumia kujenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Mwaka wa 1957 na 1958 alisema katika redio ya Oslo kupinga majaribio ya mabomu ya atomiki. Alifariki tarehe 4 Septemba 1965, akiwa na miaka 90, akazikwa palepale kando ya mto. Binti yake Rhena, ambaye alijifunza kazi ya maabara akiwa mtu mzima, baada ya kulea watoto wanne, ndiye aliyeiongoza hospitali baada yake.

Si vizuri kumsifu mtu kwa kuficha makosa yake. Dakta Schweitzer aliwatazama Waafrika kama wadogo zake ambao lazima waongozwe na kaka. Hakupendezwa na mwendo wa haraka wa nchi zetu kupata uhuru. Katika miaka yake yote Lambaréné hakuwatayarisha Waafrika kuwa madaktari, na watu wengi waliozuru hospitali ile katika miaka ya 1950 walisema imebaki ya kizamani, mabanda bila ya umeme na wanyama wakizunguka. Wengine walimtetea, wakisema kwamba wagonjwa walipenda kukaa na jamaa zao wakipikiana chakula kama nyumbani. Lakini suala la udogo na ukubwa halina utetezi. Mtu aliyekubali kuwa mwanafunzi wa vijana wa Strasbourg hakukubali vya kutosha kuwa mwanafunzi wa watu wa Ogooué.

Wala tusidhani kwamba uganga wa kisasa uliletwa na Wazungu peke yao. Huku kwetu kando ya ziwa, kule Karema, alikuwapo Dakta Adriano Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomea tiba katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka wa 1889, miaka 24 kabla Schweitzer hajafika Gabon, akawatibu watu wa pwani hii mpaka uzeeni. Alifariki mwaka wa 1956. Wazee waliotibiwa naye hawakuona ukaka wala udogo, maana aliishi nao kama mtu wa kwao.

Kutokana na maisha haya mimi nimejifunza mambo matatu. La kwanza, elimu haiozi. Kinanda kililipa ada, hotuba zililipa madeni, na ujuzi wa Bibi Helene wa kuwaangalia yatima ulimfaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwalimu wa historia atakayekuwa mwuguzi kesho atajua kumsikiliza mzee anayesimulia maradhi yake kwa kuzunguka, na mtu wa biashara atajua kuhesabu dawa zisipungue ghalani. La pili, kubadili kazi kuna gharama, na gharama hiyo si ya mtu mmoja tu. Schweitzer alipoteza nyumba na usingizi, na Bibi Helene alipoteza afya na miaka ya kukaa na mumewe. Anayetaka kufuata njia hii aketi kwanza na watu wa nyumbani mwake, ahesabu nao. La tatu, uuguzi si kazi ya waliokosa nyingine. Binti wa profesa, mwenye cheti cha ualimu na kazi ya heshima, aliuchagua kwa hiari yake, akautumikia hata alipokuwa na nywele nyeupe.

Wanafunzi wenzangu wa kidato cha nne, tuchague kwa uangalifu, lakini tusichague kwa hofu. Na wazazi wetu, siku mtoto wenu mwenye shahada atakapowaambia kwamba anataka kwenda kujifunza uuguzi, msikimbilie kusema fedha zimepotea. Mwulizeni kwanza ni nini alichokiona. Huenda amewaona wagonjwa wakingoja kwenye mabenchi tangu alfajiri, na wauguzi wawili tu wakikimbia huku na huko, akaona kwamba hapo panamhitaji yeye. Elimu haina mwisho, wala mtu hakatazwi kuianza upya, ila yule asiyetaka kuketi tena kwenye dawati.